Laptopu Niliyopimiwa na Shangazi

Ta.

Sauti yenyewe ni hiyo tu, ndogo na kavu, kama kishikizo cha chuma kinapobanwa kiunoni mwa sketi. Ukiwa unapika huku redio imewashwa, huwezi kuisikia. Mimi naisikia mpaka leo, na kila nikiikumbuka natabasamu peke yangu. Ni sauti ya kipande cha ramu, kumbukumbu ya kompyuta, kikiingia mahali pake tumboni mwa laptopu, vibanio viwili vya pembeni vikikishika, kikatulia.

Wiki iliyopita niliisikia tena, lakini kinyumenyume. Laptopu yangu ya zamani, ile ya kwanza, ilikata roho. Skrini ilianza kupiga mistari, ikafifia, ikazimika na haikurudi. Nikaigeuza, nikatoa skrubu, nikavisukuma vibanio kando, na kile kipande kikaruka juu. Ta. Kisha harufu ikanijia usoni: vumbi la nyuzi na mafuta ya cherehani, maana miaka yote hiyo mashine iliishi juu ya meza ya fundi nguo. Nikakaa kwenye mkeka na bisibisi mkononi, na kabla sijajua nimekuwa mtoto wa miaka kumi na miwili tena, pale Tezo, kwenye baraza ya shangazi.

Shangazi yangu anaitwa Sidi. Wazazi wangu walikuwa wakilima mbali, ndani kabisa, na huko shule ilikuwa ya kutembea asubuhi nzima, kwa hiyo nikawekwa kwake, ndugu wa baba yangu, karibu na barabara ya kwenda Malindi. Alishona sare za shule. Baraza yake ilijaa vipande vya bluu na kijani, na mimi na Riziki tuliokota vile vidogo kabisa tukavifanya bendera.

Riziki ni binti wa baba mdogo. Baba mdogo alikuwa mwalimu, nyumba yake iko uani kwetu, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na kompyuta ya mezani. Nyinyi wa rika langu mnajua maana ya nyumba moja yenye kompyuta. Watoto walikuwa wakipita dirishani kuitazama hata ikiwa imezimwa. Jumamosi mchana mwalimu akimaliza kusahihisha madaftari, alituachia. Na sisi tulikuwa na gemu moja tu, mbio za magari.

Kiti kilikuwa kimoja, tukakigawana, kila mmoja nusu ya makalio. Gari nalo tuliligawana. Riziki alikaa kulia, akashika mishale ya kukata kona. Mimi nilikaa kushoto, vidole vyangu viwili kwenye mafuta na breki. Yeye mkono, mimi mguu. Hatukuwahi kubadilishana, wala haikutujia akilini kwamba mtu mmoja anaweza kuendesha gari zima peke yake.

"Punguza, kona."

"Nimepunguza."

"Haya kanyaga. Kanyaga, Kadzo, unalala?"

Shangazi alikuwa akisikia kutoka barazani, anacheka na pini mdomoni. Alisema tukiolewa itabidi tuolewe nyumba moja, la sivyo magari ya waume zetu yatabaki yamesimama.

Kisha baba mdogo akahamishiwa Rabai. Walipakia vitanda, masufuria na kompyuta, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Riziki alikaa juu ya godoro na kuninyooshea vidole viwili, ile ishara yetu ya mafuta na breki. Mimi nilikimbia nyuma ya lori mpaka kwenye duka la unga, nikarudi nikajifungia chooni nilie vizuri.

Tuliongea kwa simu ya shangazi. Na siku moja Riziki akaniambia jambo lililonikata maini.

"Kadzo, huku kuna jirani anaitwa Neema. Ndiye ananikanyagia mafuta siku hizi."

"Anajua?"

"Anajua kiasi. Kwenye kona anachelewa."

"Mimi sichelewi."

"Ndiyo maana nakwambia. Baba anasema mtu anaweza kucheza akiwa Tezo na mwenzake Rabai, kwa mtandao, mradi kila mtu awe na mashine yake. Shule zikifungwa kuna mbio za wawili wawili. Majina yanaandikwa kabla. Ukipata mashine naandika jina lako. Ukikosa... ukikosa, Neema ana kompyuta ya mjomba wake."

Nilimrudishia shangazi simu. Sikula chakula cha mchana. Shangazi alinitazama akiendelea kukanyaga cherehani, na siku ya tatu ya mimi kutokula vizuri akauliza kuna nini. Nikamwambia yote, mpaka Neema. Nilitarajia kuambiwa kwamba gemu ni upuuzi. Yeye akakata uzi kwa meno, akasema, "Msimu wa sare ukiisha nitakununulia. Utasomea na utachezea. Lakini nanunua mara moja tu, mwanangu. Tukikosea, tumekosea."

Baba mdogo alipopigiwa alitoa ushauri mfupi. "Sidi, usihangaike na mpya. Chukua ya mtumba. Ila angalia iwe ni ile inayoweza kuongezwa baadaye."

Niliyasikia maneno hayo kwa sikio langu, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

Lazima niwaeleze kwanza jinsi nilivyovishwa. Shangazi hakuwahi kunishonea nguo ya saizi yangu. Sare yangu ilikuwa na mapindo matatu ndani, moja juu ya lingine, na kiunoni kitambaa kimefichwa kwenye mishono. Yeye alikiita akiba. Kila mwaka alifumua pindo moja, gauni likashuka, na pale pindo la zamani lilipokuwa ukabaki mstari wenye rangi kali kuliko kwingine. Watoto wa shule waliihesabu mistari kama watu wanavyosoma umri wa mti. Na nyumbani kila kitu kilikuwa hivyo hivyo. Viatu vilinunuliwa vikubwa, mguu ukavifuata. Mbuzi alinunuliwa mdogo, akalishwa, akawa mkubwa.

Basi niliposikia laptopu inayoweza kuongezwa, nilielewa kama mtoto wa nyumba ile. Nilidhani ni ile inayokua. Kwamba unainunua changa na dhaifu kwa bei ya uchanga wake, unaitunza, unailisha umeme, nayo inanawiri taratibu. Sikumwuliza mtu. Niliona ni jambo linalojulikana.

Kilifi ilikuwa karibu zaidi, lakini shangazi vitambaa vyake vyote alinunua Malindi kwa Bi Zuhura, tangu ujana wake. Duka la Bi Zuhura lilikuwa la vitambaa upande mmoja, na upande wa pili, tangu jamaa zake waanze kuleta mizigo kutoka ng'ambo, kulikuwa na laptopu za mtumba zimepangwa kabatini. Pale nyuma, kwenye meza ndogo yenye taa, alikaa fundi wake Mutua, kijana wa bara, mpole, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani chini kwa chini huku akifanya kazi.

"Hodi hapa."

"Karibu, Fundi Sidi. Waambaje?"

"Sijambo, Bi Zuhura. Sijui wewe."

"Mimi salama. Na huyu ndiye yule mdogo? Mbona amerefuka hivi?"

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Leo mwataka tetroni ya bluu au ya kijani?"

"Leo hatutaki kitambaa," shangazi akasema, na akakohoa kidogo kwa fahari. "Leo twataka laptopu. Ya mtoto. Ya kucheza magari."

Bi Zuhura hakucheka. Alifungua kabati kama anavyofungua robota la hariri, akatoa moja na kuiweka mbele yetu kwa mikono miwili. Ilikuwa nyembamba kama daftari, ya rangi ya fedha, kifuniko kinateleza. Nilijiona usoni mwake. Kibodi yake ilikuwa na mwanga chini ya herufi. Niliipenda hapo hapo. Niliiona ndogo, safi, changa, na nikaamini kwamba nikiondoka nayo itakua kuwapita wenzake wote.

"Hii ni kama mpya," Bi Zuhura akasema. "Nyepesi, hata begani huisikii. Na kwako wewe nitakuwekea sawasawa na bei ya zile nzito."

"Shangazi, hii," nikanong'ona. "Hii hii."

Sasa, shangazi hakujua kitu kuhusu kompyuta. Hata simu alikuwa akiwashiwa tochi na mimi. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo hakuiacha mahali popote. Akipewa nguo yoyote, hata ya bibi arusi, hata ya maiti, kwanza huigeuza ndani nje. Akaishika ile laptopu ya fedha akaigeuza tumbo juu. Akapitisha kidole gumba ukingoni, pole pole, pande zote nne.

"Mshono wake uko wapi?"

Bi Zuhura akashangaa. "Mshono?"

"Ndiyo. Inafumuliwa wapi?"

Mutua akaacha kuimba. Akainua kichwa, akamtazama shangazi kama mtu aliyeulizwa swali alilolingojea siku nyingi. "Mum, hiyo haifumuliwi. Hiyo wamegundisha kila kitu. Ramu imechomewa kwa bodi. Vile iko leo, ndio hivyo itakuwa."

"Hata ikilelewa vizuri?" nikauliza.

"Ikilelewa aje?"

"Ikitunzwa. Haikui?"

Mutua alikuwa mtu mzuri. Alicheka, lakini si kwa nguvu. "Haikui, dada. Mashine haikui yenyewe. Mtu ndiye anaiongezea, kama iko na nafasi. Hii haina."

Sikumwamini. Nilidhani anasema hivyo kwa kuwa ni fundi, na mafundi hupenda kuonekana wanahitajika. Lakini shangazi alikuwa ameshavuta kiti.

"Hebu nieleze, mwanangu, kama unavyomweleza mshonaji. Inaongezwa wapi na haiongezwi wapi?"

Mutua akaleta mbili nyingine, nene, nyeusi, mbaya. Akazifungua matumbo. Ndani kulikuwa na njia za kijani na visanduku vidogo kama mji unaoonekana kutoka juu. Akaonyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Hapa ni ramu. Hiyo ni kama meza yako ya kukatia. Meza ikiwa ndogo, kitambaa kinaning'inia, kazi inachelewa. Zote mbili ziko na nafasi mbili, na moja ni tupu. Mnaweza jaza baadaye. Zikijaa zote mbili, basi. Hapa ni diski, kabati ya kuweka vitu. Hiyo pia inabadilishwa. Betri inabadilishwa."

"Na kipi hakibadilishwi?"

"Hiki." Akagusa kijisanduku cheusi, kwenye mashine moja tu kati ya zile mbili. "Hii inaitwa kadi ya grafiksi. Ndio inachora yale magari, barabara, mavumbi. Kwa kompyuta ya mezani unaeza toa uweke ingine. Kwa laptopu, hapana. Imechomewa. Ile ingine haina kabisa, ilikuwa ya ofisi, ya kuandika barua. Hata ukiijaza ramu mpaka ifurike, magari yatatembea kama konokono."

Shangazi akainama mezani. Macho yake yalikuwa kwenye zile mashine, lakini mkono wake ulikuja ukanishika begani, ukapima upana wake kwa vidole, bila yeye kujua, kama anavyofanya siku zote akiwaza.

"Ni mabega," akasema.

"Mabega?"

"Nguo naongeza kiuno. Naongeza urefu. Naongeza hata kifua nikiwa nimeacha akiba. Mabega siongezi. Bega likiwa dogo nguo ni ndogo, hakuna fundi. Ndiyo maana mteja akija mimi huanza na bega." Akaigonga ile nene yenye kijisanduku. "Hii ndiyo yenye bega la mtoto. Vingine nitafumua."

Bi Zuhura akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Fundi Sidi, nikuachie duka nikaolewe upya. Nimeuza hizi miaka mingi na sijawahi kuelezwa hivyo."

"Ina kasoro gani?" shangazi akauliza, maana alijua anayechekelewa hupandishiwa bei.

Betri yake ilikuwa imekufa, hivyo haiwaki bila chaja. Bawaba ya upande mmoja ililia kama mlango. Juu ya kifuniko kulikuwa na alama ya gundi pale kibandiko cha ofisi fulani kilipotolewa. Na ilikuwa nzito, nzito kama tofali. Shangazi alizitaja kasoro zote hizo moja moja kwa huzuni, na kila alipotaja moja bei ikashuka kidogo, mpaka Bi Zuhura akafunika uso kwa mtandio na kusema chukua, chukua, nisiione tena.

Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele ya ile ya fedha. Niliipapasa kifuniko, na kimoyomoyo nikaiomba radhi kwa kuiacha. Nilifikiri imesikia yaliyosemwa.

Siku hiyo hiyo mchana niliweka gemu, aliyotutumia baba mdogo kwenye kijidiski kidogo. Ikawaka. Magari yalitokea yanang'aa, vumbi likaonekana punje punje, kuliko hata kompyuta ya mwalimu. Nilitaka kupiga kigelegele. Kisha nikakanyaga mafuta, gari likaenda hatua tatu, likaganda, likaruka mbele, likaganda tena, na feni ikaanza kuvuma kama ina hasira na mimi. Kabla ya kona ya kwanza nilikuwa nimeshapitwa na wote.

Msinicheke kwa nilichofanya. Nilisema, bado changa. Niliiacha kwenye umeme kutwa, ishibe. Niliifunika kwa leso ya shangazi ili isipatwe na vumbi la nyuzi. Asubuhi kabla ya shule niliifunua na kuiamkia. Nikirudi naiwasha, naangalia kama imekua, gari linaganda pale pale. Wiki ya kwanza, ya pili. Shule zilikuwa karibu kufungwa. Riziki akapiga simu: "Kadzo, vipi? Neema ananiuliza kila siku." Nikamjibu, "Inakua. Bado kidogo."

Shangazi alinisikia. Alinikuta nimeinama juu ya ile mashine, naipulizia pumzi kwenye matundu ya feni.

"Unafanya nini?"

"Naipa hewa. Shangazi, mbona haikui?"

Hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Alinivuta karibu, akashika pindo la sare yangu, akaligeuza. Ndani lilibaki pindo moja tu la akiba.

"Kadzo, hili gauni lilirefuka lenyewe?"

"Hapana."

"Nani alilirefusha?"

"Wewe."

"Na mimi nililirefusha kwa kitu gani?"

Nikaona wembe wake mezani, nikaona akiba iliyokunjwa, nikaona miaka yote niliyodhani nguo zinanifuata kumbe ni mtu aliyekuwa ameinama na uzi, anafumua na kushona upya, nikiwa nimelala au nimekwenda kucheza. Nililia kidogo. Sijui kama nililia kwa ajili ya laptopu au kwa ajili yake.

"Ile nafasi tupu," akasema, "lete simu."

Mutua alikuwa na kipande kimoja cha ramu kinachofaa, alikitoa kwenye mashine iliyokufa. Lakini alikuwa pia na shida yake.

"Mum, nyinyi mko na cherehani, na sisi kwa kwaya tuko na majoho. Yamebana watu."

"Yalirowa?"

"Hapana. Watu ndio wameongezeka. Wanaokoka na wanashiba."

"Leta," shangazi akasema.

Akayaleta Jumamosi, rundo zima la zambarau ndani ya gunia. Shangazi aliyageuza ndani nje, akakuta aliyeyashona aliacha akiba, akamsifu mtu huyo asiyemjua. Lakini hakunilipia peke yake deni langu la ramu. Alinipa wembe. "Wewe fumua, mimi nashona. Ukikata kitambaa badala ya uzi, hakuna ramu."

Nilifumua majoho yale siku nne, kila alasiri baada ya shule, mgongo umenipinda kama wa bibi. Mishono miwili kila ubavu. Nyuzi za zambarau zilinijaa mapajani, kwenye nywele, hata kwenye uji. Nilijifunza kuupitisha wembe kati ya vitambaa viwili bila kugusa chochote ila uzi, na mpaka joho la mwisho sikukata hata moja. Mutua alipokuja kuyachukua alilivaa lake pale pale barazani, akainua mikono kujaribu, akaimba ubeti mmoja mpaka wapita njia wakasimama. Kisha akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha miwani. Kilikuwa kirefu kama kidole, cha kijani, na meno ya dhahabu upande mmoja.

"Nikuwekee?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama cherehani yake, kana kwamba swali halimhusu.

"Nitaweka mwenyewe," nikasema.

Nilichukua ile bisibisi ndogo ya kufungulia kibao cha cherehani. Nikatoa skrubu, nikazipanga juu ya chaki ya kupimia zisipotee. Mutua alinielekeza kwa mdomo tu, mikono ameiweka mgongoni. Nikakipachika kile kipande kwa ulaini wote niliokuwa nao, kama namlaza mtoto. Nikafunga, nikachomeka chaja, nikawasha.

Skrini ikabaki nyeusi. Feni ikazunguka, lakini hakuna kilichotokea.

Akilini niliona jina la Neema limeandikwa. "Nimeiua," nikasema.

Mutua akafungua mdomo. Shangazi akamkatiza, bado hajainua macho kwenye mshono wake.

"Ilipoingia, ulisikia mlio?"

"Hapana."

"Basi umeiogopa. Kishikizo kisipolia hakijafungwa. Rudia."

Nikazima, nikafungua upya. Safari hii niliweka vidole gumba viwili, nikakaza meno, nikasukuma kwa imani.

Ta.

Mutua akapiga makofi mara moja. Nilipowasha, mwanga ulikuja kama mtu aliyeamka vizuri. Nikafungua gemu, nikakanyaga mafuta, na barabara ikaanza kutiririka chini ya gari, laini, haikatiki, kama kitambaa kinavyopita chini ya sindano mkono wa shangazi ukiwa umetulia. Nilipiga kigelegele nikiwa mtoto asiyejua kukipiga, kikatoka kama mlio wa kuku. Shangazi akanikamilishia.

"Riziki," nikasema kwenye simu. "Andika jina langu."

"Imekua?"

"Haikukua. Tumeifumua."

Mashine ile ilinitumikia mpaka nikamaliza kidato cha nne na kuzidi. Nilibadilisha diski, nikabadilisha betri, bawaba nikaifunga kwa skrubu ya cherehani. Zilitoka gemu nyingine, nzito, ambazo haikuziweza kabisa, na sikuilaumu, nilijua bega lake limefika mwisho. Siku hizi nina meza yangu barazani kwa shangazi, yeye upande wa nguo, mimi upande wa mashine, na kila kijana anayeniletea laptopu nyembamba akitaka nimwongezee, naigeuza kwanza tumbo juu. Nina ndoto ya kuwa na duka lenye kioo. Nitalipata. Na Riziki, ambaye sasa ana mtoto, bado anadai kwamba siku ile ya mbio tulishika nafasi ya tatu kati ya jozi zote kwa sababu yeye ndiye aliyeongoza njia. Mimi nakubali ili tusigombane. Nafasi ya tatu, wasichana wawili, Tezo na Rabai.

Lakini kinachonijia zaidi nikiwa na kipande hiki cha ramu mkononi si zile mbio. Ni mchana ule ule nilioisikia ta, baada ya Mutua kuondoka na gunia lake la majoho. Nilikaa mbele ya mashine nikagundua kitu ambacho katika mahangaiko yote sikukifikiria. Riziki atakuwa Rabai, na gari lake. Mimi nitakuwa hapa, na langu. Nami nilijua mguu tu.

"Nikushikie usukani?" shangazi akauliza. Akaja, akakaa nusu ya kiti upande wa kulia, akaweka vidole vyake vya fundi kwenye mishale. Tukagonga ukuta, tukagonga mti, tukaingia shamba la mtu. Alicheka mpaka akatokwa na machozi, akasema yeye ameumbiwa kwenda moja kwa moja tu, na mara mteja akapiga hodi, akainuka na futi yake shingoni kwenda kupima.

Nikabaki peke yangu. Nusu ya kiti ilikuwa tupu, bado ina joto. Nilikaa pale pale upande wangu wa kushoto kwa kitambo, kwa mazoea. Kisha nikasogea katikati. Nikaweka mkono wa kushoto kwenye mafuta na breki, nikanyoosha wa kulia mpaka kwenye mishale, mahali ambapo vidole vyangu havikuwahi kufika. Taa ya gemu ikawa kijani. Nikakanyaga. Kona ya kwanza ikaja, nikajiambia kwa sauti, "Punguza," nikapunguza, nikakata kulia, nikapita.